Taa Imewaka Baada ya Matengenezo

Andiko kuu: Yoshua 7:1–26
Soma pia: Zaburi 139:23–24, Luka 19:1–10, Warumi 8:1, Hosea 2:14–15

Wiki hii nataka tukae kwenye swali ambalo waumini huniuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada, mlango wa ofisi ukishafungwa. Wanasema hivi: "Pasta, niliombewa. Nilitubu, nikalia, nikainuka nikiwa mwepesi kabisa. Sasa mbona kumetokea shida ambayo haikuwepo hapo mwanzo? Kwani Mungu hakunitengeneza?"

Nitajibu kwa kitu ambacho wengi wenu mnakijua, kwa maana mnaendesha gari, ama mnapanda matatu kila siku, ama mko na kijana anafanya gereji. Kabla sijaitwa kwa huduma nilishika spana kwa miaka mingi, na kazi yangu ilikuwa chini ya gari: shokapu, bushi, boljointi, beringi za magurudumu. Na kwa mashimo na matuta ya barabara zetu, kazi hiyo haikukosa siku hata moja.

Sikia jambo lililokuwa likitokea kila mara. Gari linaletwa likigonga mbele, kwa-kwa-kwa, ukipita kwa tuta unafikiri gurudumu litatoka. Fundi anafungua, anatoa mkono wa chini uliochoka, anaweka mpya, anabadilisha beringi, anafunga. Unalipa. Unatoka gereji na gari limenyamaza kama limetoka melini juzi, na unasema asante Yesu. Halafu mita mia mbili mbele, taa ya manjano inawaka kwa dashibodi, imeandikwa ABS. Wakati mwingine inawaka pamoja na ile yenye picha ya gari linaloteleza. Jana haikuwepo. Gari lilikuwa linagonga lakini taa haikuwepo. Sasa halifanyi kelele, lakini lina taa.

Hapo ndipo tabia ya mtu inajulikana. Mmoja anampigia fundi simu na matusi: umeniharibia gari! Mwingine anasema, breki si inashika? Twende, Mungu ni mwema. Wa tatu anatafuta kijana wa kuzima hiyo taa, apate amani. Na kila mmoja wa hao watatu yuko hapa kanisani. Mwambie jirani: si mimi! Haleluya.

Yeriko imeanguka, Ai imewaka

Rudi kwa Yoshua sura ya 7. Wana wa Israeli wametoka Yeriko. Kuta zimeanguka, na hakuna mtu anaweza kusema Mungu hakufanya kazi. Halafu wanafika Ai, mji mdogo. Wapelelezi wanasema watu wote wasisumbuliwe, elfu mbili ama tatu watatosha. Wanapanda kama watu 3,000. Wanakimbizwa, na watu 36 wanauawa. Mioyo ya watu inayeyuka kama maji.

Mpendwa, hiyo ndiyo taa. Na imewaka baada ya ushindi mkubwa. Kumbe mtu anaweza kuwa ametoka kwa muujiza wa kweli, na taa ya kweli ikawaka.

Angalia Yoshua alifanya nini. Alirarua mavazi, akaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, yeye na wazee, wakatia mavumbi vichwani. Akaanza kuuliza kwa nini Mungu aliwavusha Yordani. Sasa anatilia shaka hata Yordani! Taa moja imewaka na mtu anakana matengenezo yote.

Na Mungu akamwambia ainuke. Akamuuliza ni kwa nini amelala pale kifudifudi. Mimi nikisoma hapo huwa ninatetemeka, kwa sababu sisi Wapentekoste tunapenda kulala kifudifudi, na ni vizuri, lakini kuna siku Mungu mwenyewe anakatiza maombi na kusema: amka, kuna kitu cha kutafutwa. Kukesha hakuwezi kuchukua nafasi ya kufungua gurudumu uone.

Hiyo taa inasema nini hasa?

Hebu nieleze, ili nisikie amina ya mtu aliyeelewa.

Kwa magari mengi ya siku hizi kila gurudumu lina kihisi kidogo karibu na beringi. Mafundi wanakiita sensa. Si ile sensa ya serikali ya kuhesabu watu. Hii inahesabu mizunguko ya gurudumu. Inatuma habari kwa kompyuta kupitia waya mwembamba unaoshikiliwa na vishikizo kando ya shokapu na mkono wa gurudumu. Kompyuta inalinganisha magurudumu manne. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami yenye maji na gurudumu moja likataka kukwama, kompyuta inalegeza breki ya gurudumu hilo na kuikaza tena, haraka sana, ili usukani uendelee kukusikia. Hiyo ndiyo ABS.

Sasa fundi akitengeneza chini ya gari, mkono wake unapita palepale ambapo waya hiyo inapita. Kwa hivyo taa ikiwaka mara tu baada ya kazi hiyo, fundi mwenye akili haanzi kubadilisha kompyuta. Anarudi mahali ambapo mkono ulipita.

Taa ya manjano ya ABS ikiwaka peke yake, breki ya kawaida kwa kawaida bado inafanya kazi, lakini ule msaada wa wakati wa hatari umezimwa. Ukiona taa nyekundu ya breki nayo imewaka, usisukume safari: simama mahali salama, angalia mafuta ya breki, ita fundi. Nyekundu haibishaniwi. Hayo yaandike, hata kama utasahau mahubiri mengine yote.

Sasa unaona hatari ya yule anayesema "breki si inashika?" Ni kweli inashika. Inashika kwa jua, kwa mwendo wa polepole, barabara ikiwa tupu. Lakini ABS haikuwekwa kwa ajili ya siku hiyo. Iliwekwa kwa ajili ya siku mtoto anakimbilia mpira barabarani na mvua inanyesha. Kuna Mkristo anatembea hivyo. Anaimba, anatoa sadaka, anaongoza kwaya, breki inashika. Hajui kwamba kile cha kumsaidia siku ya majaribu kilizimika miezi sita iliyopita, na taa imekuwa ikimwambia kila asubuhi.

Kwa nini haikuwaka pale gereji?

Watu huniuliza: mbona ilinyamaza kule gereji? Kwa sababu gari lilikuwa limesimama. Shida nyingine kompyuta haiwezi kuzijua mpaka magurudumu yazunguke, ndipo ilinganishe moja na lingine. Kwa hivyo taa inawaka ukishatembea kidogo.

Mpendwa, madhabahuni gari limesimama. Muziki unapigwa, mikono iko juu, na ni halali kabisa. Lakini Jumatatu ndipo magurudumu yanazunguka. Jumatatu unakutana na bosi, na mama mkwe, na yule mtu unayemdai. Taa ikiwaka Jumatatu usiseme Jumapili ilikuwa uongo. Jumapili ulitengenezwa, Jumatatu unajaribiwa barabarani, na jaribio la barabarani ni sehemu ya matengenezo. Fundi yeyote mzuri hakupi ufunguo kabla hajaliendesha.

Kabila kwa kabila

Mungu hakumwambia Yoshua jina la Akani usiku ule. Angeweza. Badala yake aliagiza asubuhi watu waje mbele, kabila kwa kabila. Ikatwaliwa kabila ya Yuda. Kutoka Yuda, ukoo wa Zera. Kutoka Zera, nyumba ya Zabdi. Kisha mtu mmoja mmoja, akatwaliwa Akani.

Nilipoona hilo nilicheka peke yangu ofisini, kwa maana ndivyo tunavyopima gari. Unachomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, nayo inakupa msimbo, herufi na namba. Herufi C inakuambia shida iko upande wa chini wa gari, wala si injini. Injini ni P. Namba zinakupunguzia tena. Kwa Toyota, kwa mfano, C0200 inakuelekeza gurudumu la mbele kulia, na C0205 la mbele kushoto. Kutoka gari zima umefika kona moja.

Lakini sikia vizuri: mashine haijasema "nunua sensa mpya". Imesema tu kwamba habari za gurudumu hili hazifiki vizuri. Fundi mvivu ananunua sensa, anaweka, taa inarudi, na pesa yako imeenda. Fundi wa kweli anaendesha polepole na mwenzake akiangalia namba za magurudumu manne: matatu yanasema kilomita 20 kwa saa, moja linasema sifuri, ama linarukaruka. Halafu anazima gari, analiinua, anapiga magoti na tochi, anafuata waya kwa kidole tangu gurudumuni mpaka kwenye plagi. Anazungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, aone kama waya unavutika.

Na Daudi aliomba hivyohivyo katika Zaburi 139. Alimwomba Mungu amchunguze, aujue moyo wake, aangalie kama iko njia mbaya ndani yake. Hakuomba kwa jumla, "Bwana nisamehe kama kuna mahali nimekosa." Hiyo ni sala ya mtu anayeomba gari lipakwe rangi huku taa inawaka.

Katika kufuata waya, mara nyingi nilikuta moja ya mambo matatu.

Jambo la kwanza: waya iliyovutwa wakati wa kazi

Fundi amefungua boljointi, gurudumu na habu yake vikaachwa vining'inie, na waya wa sensa bado umeshikwa juu. Uzito wote umeshikwa na waya mwembamba. Nje hauoni kitu, lakini ndani nyuzi zimekatika. Ama kishikizo hakikurudishwa, na waya sasa unasuguana na tairi.

Mungu akikutoa mahali, kuna vitu vilivyokuwa vimefungwa hapo ambavyo vinahitaji kushikwa kwa upole. Umeokoka, umeacha pombe, na sifa kwa Bwana. Lakini mke wako kwa miaka kumi alijifunza kulala macho wazi, akisikiliza mlango. Wewe umetengenezwa, naye bado ananing'inia. Halafu unamkasirikia kwamba "hafurahii wokovu wangu". Ndugu, yeye si adui wa matengenezo. Yeye ndiye waya. Rudi umshike mahali pake, umsikilize, umpe muda.

Jambo la pili: kitu kizuri kilichowekwa kinyume

Beringi nyingi za kisasa zina pete ya sumaku upande mmoja. Sensa inasoma ile pete. Upande huu na upande ule vinafanana karibu sana. Ukiigeuza wakati wa kuisukuma ndani, gurudumu litazunguka vizuri, halitalia, lakini sensa haitaona chochote. Beringi ni mpya na ni ya bei. Imeangalia upande usiofaa tu.

Yesu katika Mathayo 6 alisema juu ya sadaka, maombi na kufunga. Vyote ni vizuri, na hakuna hata kimoja alichokataza. Aliuliza vimeangalia wapi, watu ama Baba. Kuna mtu tangu aombewe anahudumu kuliko wote. Viti anapanga yeye, mikesha haikosi, lakini taa iko kwa uso wake, ana uchungu, anahesabu nani alimshukuru na nani hakumshukuru. Hahitaji huduma nyingine. Huduma ile ile itolewe, igeuzwe, irudishwe ikimwangalia Baba.

Jambo la tatu: katikati haijafundishwa

Hili la tatu linahitaji masikio ya upole. Ukibadilisha mikono ya magurudumu, unapeleka gari kwa alaimenti, magurudumu yanyooshwe. Baada ya hapo magari mengine yanawasha taa ya kuteleza ingawa hakuna kitu kimevunjika. Sababu ni kwamba kuna sensa nyingine kwenye usukani, inayojua usukani umegeuzwa kiasi gani. Yeye bado anakumbuka katikati ya zamani. Magurudumu yamenyooka, lakini kompyuta inafikiri gari linapinda. Dawa yake ni kuifundisha katikati mpya kwa mashine. Dakika chache tu. Hakuna spea ya kununua.

Mpendwa, si kila taa ni dhambi. Narudia kwa ajili ya yule mama anayejihukumu kila usiku: si kila taa ni dhambi. Kuna moyo ambao umenyooshwa kweli, lakini bado unapima kwa katikati ya zamani. Ulitubu mwaka ule, ulirudisha, ulisamehewa, na bado ukiona polisi unaruka. Warumi 8:1 inasema juu ya walio katika Kristo Yesu kwamba hukumu ya adhabu haipo tena kwao. Dawa yako ni kuufundisha moyo katikati mpya, kwa Neno, kila siku, polepole.

Utajuaje tofauti? Roho Mtakatifu akikushtaki huonyesha kona: jambo hili, mtu huyu, siku ile. Adui anakushtaki kwa jumla tu: wewe ni mbaya, hutabadilika. Msimbo wa Mungu una namba. Amina?

Kufuta msimbo bila kutengeneza

Ile mashine inayosoma msimbo inaweza pia kuufuta. Unabonyeza, taa inazima. Mwenye gari anafurahi, analipa. Lakini kama waya bado umekatika, ukitembea tu kidogo taa inarudi. Ufutaji ni wa mwisho, baada ya waya kushikwa, kisha uendeshe, kisha usome tena.

Kuna ndugu ambaye ameniruhusu niseme habari zake bila jina. Alifungwa na kamari ya simu. Mungu alimtoa; hiyo nimeiona kwa macho yangu, mwaka mzima hajarudi. Lakini tangu Jumapili aliyotoa ushuhuda, taa iliwaka. Akawa mkali kwa watoto. Simu ya ndugu yake mkubwa ikipigwa anaiacha ilie. Mke wake akaniambia, "Pasta, tumwombee tena, pepo limerudi." Tuliomba. Tulifunga siku tatu. Halafu nikamuuliza swali la gereji: hii ilianza lini, na siku hiyo nini kiliguswa?

Alikaa kimya sana. Kisha akasema kwamba wakati wa kamari, ndugu zake walichanga shilingi 60,000 za operesheni ya mama yao, mtoto wa jicho. Yeye ndiye alikuwa mweka hazina. Pesa zote aliweka kwenye mechi. Akawaambia hospitali imesongesha tarehe. Siku ya ushuhuda ndugu yake mkubwa alimpigia kumpongeza, akauliza, "Na ile tarehe ya mama, wamesema lini?" Mama bado yuko nyumbani anapapasa ukuta kwenda jikoni.

Alikuwa ameomba msamaha kwa Mungu mara nyingi. Alikuwa amefuta msimbo kila usiku. Kila asubuhi taa inarudi, kwa sababu waya iko kule kijijini, jikoni kwa mama.

Alienda. Aliwaambia wote wakiwa wameketi. Ndugu yake mkubwa aliinuka akatoka nje, na mpaka leo hapokei simu yake. Mama aliuliza kitu kimoja tu: "Sasa mtanipeleka lini?" Ndugu huyu aliuza pikipiki yake. Jicho moja limefanyiwa, la pili linangoja. Na ndugu mkubwa bado hajapokea simu. Mimi ninamwambia, endelea kutuma pesa, endelea kupiga. Zakayo katika Luka 19 alisimama akasema atarudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Biblia haituambii kila aliyedhulumiwa alimkumbatia. Lakini nyumba ile wokovu uliingia.

Kuziba taa

Sasa yule wa tatu, anayetaka taa izimwe. Kuna watu wanatoa balbu, ama wanabandika karatasi nyeusi nyuma ya dashibodi, ama wanaiunganisha taa ya ABS na taa nyingine, ili zikiwaka ziwake pamoja na zikizima zizime pamoja. Kwa hivyo ukienda kununua gari, usifurahie tu kwamba dashibodi ni safi. Washa ufunguo kabla ya kupiga injini. Taa za onyo zinafaa ziwake kwanza, kisha zizime, nyingine zenyewe na nyingine injini ikishawaka. Ile ambayo haiwaki kabisa ndiyo ya kuogopa.

Paulo anamwandikia Timotheo juu ya watu ambao dhamiri zao ni kama zimechomwa kwa chuma cha moto. Hazisikii tena. Ukiwa bado unasumbuka moyoni, mshukuru Mungu, balbu yako iko.

Akani alizimisha yake. Alichukua joho zuri, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50, akachimba ndani ya hema, akafukia. Halafu fikiria asubuhi ile. Wanaita Yuda, amesimama. Wanaita Zera, amenyamaza. Wanaita nyumba ya Zabdi, babu yake mwenyewe, bado amenyamaza. Alikuwa na nafasi kila hatua kupaza sauti na kusema, ni mimi. Alikiri alipobaki peke yake mbele ya Yoshua. Na kumbuka, wale 36 hawakuchukua joho. Wewe ndiye uko kwa usukani, lakini siti za nyuma wako watoto. Kila mtu anayeziba taa huziba pia kwa niaba ya abiria.

Bonde la Akori

Mwisho wa sura hii ni mgumu na sitauruka. Akani alikufa pale, na bonde likaitwa Akori, yaani taabu. Dhambi iliyofichwa haikumfikia yeye peke yake. Tusome kwa kutetemeka. Halafu tukumbuke kwamba sisi tunasimama upande huu wa msalaba, ambapo mawe yaliyotustahili yalimwangukia Mwingine.

Na sikia jambo la ajabu. Miaka mingi baadaye Mungu anaongea kupitia nabii Hosea juu ya kuwarudisha watu wake, na anachagua bonde hilohilo. Katika Hosea 2:15 anaahidi kwamba Akori, mahali pa taabu na pa kufichuliwa, patafanywa kuwa mlango wa kuingilia tumaini. Hakuwazungusha kwa njia nyingine ili wapasahau. Aliweka mlango pale pale mahali palipochimbwa.

Kwa hivyo, mpendwa ambaye taa yako iliwaka baada ya Mungu kukutengeneza: usimtukane Fundi, na usiukane ule muujiza. Usizibe. Inuka kutoka kifudifudi, uulize ilianza lini, ni nini kiliguswa siku hiyo, na ufuate waya kwa kidole mpaka ufike. Pengine utakuta mtu wa kushikwa kwa upole. Pengine huduma ya kugeuzwa, ama moyo wa kufundishwa katikati mpya. Na pengine utakuta kitu kimefukiwa hemani, na itabidi upande gari la kwenda nyumbani wiki hii. Nenda. Yule aliyekuanzishia kazi njema bado ameshika tochi.

Tuombe

Baba, asante kwa yale uliyotengeneza, hatuyakani. Asante hata kwa taa, maana imetuonyesha kwamba hujatuacha tutembee gizani. Tuchunguze kona kwa kona. Anayejihukumu bure, mfundishe katikati mpya. Aliyeficha, mpe ujasiri wa kusema kabla jina lake halijafikiwa. Wakumbuke wale walioumizwa na makosa yetu, na wote walio kwenye siti za nyuma. Kwa jina la Yesu. Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Soma Yoshua 7:6–13. Kuna jambo gani ambalo umekuwa ukiliombea, na Mungu anakuambia uinuke ulitafute?
2. Baada ya Mungu kukubadilisha, ni nani nyumbani kwako bado "ananing'inia"? Utamshikaje wiki hii?
3. Kila mmoja aombe kimya na Zaburi 139:23–24. Ukionyeshwa jambo lenye jina na siku, usilitangaze kikundini. Mwendee mhusika mwenyewe, na ukihitaji mtu wa kukusindikiza, mwambie kiongozi wako wa seli.